Namna ya kuchagua bodi mama ya bei ya kati kwa kompyuta ya gemu utakayoiovakloki

Bodi mama ya bei ghali haiifanyi prosesa ikimbie kuliko bodi ya bei ya kati iliyojengwa vizuri. Unapoovakloki, yaani unapoikimbiza prosesa kupita kasi aliyoiwekea mtengenezaji, kinachokuzuia mwishowe ni silikoni yenyewe na joto lake. Bodi ina kazi tatu tu: kuilisha prosesa umeme usioyumba, kubeba data za RAM bila makosa, na kukupa BIOS (programu ya ndani ya bodi inayoiwasha kompyuta) yenye mipangilio unayoihitaji. Pesa inayozidi hapo hununua bandari za USB4, mtandao wa gigabiti 10, taa za rangi na vibao vya chuma. Vina raha yake, lakini haviongezi hata megahezi moja.

Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Ukianza na bodi kabla ya prosesa, utalipia vitu usivyovihitaji au utakosa kile ulichokitaka hasa.

Hatua ya 1: Amua prosesa, kisha chipseti

Chipseti, yaani chipu ya bodi inayounganisha prosesa na vifaa vingine, ndiyo inayoruhusu au kuzuia kuovakloki, na kosa la hapa halirekebishiki kwa mpangilio wowote wa BIOS.

Kwa AMD, soketi (mahali prosesa inapokaa kwenye bodi) ni AM5, iliyoingia sokoni mwaka 2022 pamoja na Ryzen 7000. Chipseti za B650, B650E, X670, X670E, B850, X870 na X870E zote zinaruhusu kuovakloki prosesa na RAM. A620 na B840 haziruhusu kuovakloki prosesa. Soma namba hiyo ya B840 mara mbili, kwa sababu kwenye boksi inafanana sana na B850 na bei yake inavutia. Kwa bajeti ya kati, B650 au B850 inatosha kabisa. X870 inatumia chipu ya chipseti moja kama B850. Tofauti yake kubwa ni kwamba lazima iwe na USB4, na sehemu nzuri ya ile nyongeza ya bei inakwenda huko.

Angalia pia prosesa yenyewe. Ryzen 7 7800X3D imefungwa kizidishi chake (namba inayopanga kasi ya prosesa), kwa hiyo huwezi kuiandikia kasi unayotaka. Inakubali PBO (kuiachia prosesa ijikimbize zaidi yenyewe) na Curve Optimizer (kuipunguzia volti) tu. Ryzen 7 9800X3D imefunguliwa kikamilifu.

Kwa Intel sharti ni mawili kwa pamoja: prosesa iwe na herufi K, na chipseti ianze na Z. Kwenye soketi ya LGA1700, yaani kizazi cha 12 hadi cha 14, hizo ni Z690 na Z790. Kwenye LGA1851 ya Core Ultra 200S ni Z890. B760 na B860 zinaruhusu kuongeza kasi ya RAM peke yake. Ukiweka prosesa ya K kwenye B760 itafanya kazi vizuri, ila kizidishi hakiguswi.

Kwa sababu hiyo, bajeti ya kati hupumua zaidi upande wa AMD: chipseti ya daraja la kati imefunguliwa, na AMD imetangaza kuiunga mkono AM5 hadi mwaka 2027 na kuendelea. LGA1700 imeishia kizazi cha 14. Kama tayari una prosesa ya Intel ya kizazi cha 13 au 14, kitu cha kwanza baada ya kufunga bodi ni kuweka BIOS yenye maikrokodi (maelekezo ya ndani ya prosesa) ya 0x12B au mpya zaidi. Mwaka 2024 Intel ilithibitisha kwamba prosesa hizo zilikuwa zikijiomba volti kubwa mno na kuharibika polepole, na maikrokodi hiyo ni sehemu ya dawa. Usiovakloki kabla ya hapo.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya umeme

Namba ya TDP iliyo kwenye boksi, yaani wati za joto ambazo kipozeo kinatarajiwa kuziondoa, si kiasi cha umeme kitakachopita kwenye bodi. Kwa AM5 tafuta PPT, ambayo ndiyo dari ya wati kwenye soketi:

- Prosesa ya TDP 65: PPT wati 88, ampea 75 za muda mrefu
- TDP 105: wati 142, ampea 110
- TDP 120: wati 162, ampea 120
- TDP 170: wati 230, ampea 160

Kwa Intel, soma dari ya turbo: Core i5-14600K ni wati 181, Core i7-14700K ni wati 253.

Hizo ni namba za kabla ya kuovakloki. Ukipandisha volti na kasi, ongeza asilimia 20 hadi 30 juu yake. Kisha gawanya kwa volti ya prosesa ikiwa chini ya mzigo, ambayo huwa karibu na 1.2. Chukua prosesa ya wati 142: ongeza asilimia 25, unapata kama wati 178, gawanya kwa 1.2, unafika ampea 148. Bodi lazima iweze kuzitoa hizo ampea saa nzima bila kuzidiwa na joto. Andika namba yako pembeni, utaihitaji sasa hivi.

Hatua ya 3: Isome VRM kama fundi, usiisome kama tangazo

VRM ni ile saketi inayozunguka soketi, inayochukua volti 12 kutoka pawa saplai na kuishusha hadi volti moja na kitu. Ubora wa bodi ya kuovakloki uko hapa. Mengine yote yanafuata.

Tafuta picha ya bodi ikiwa imevuliwa hitisinki, yaani vile vipande vya chuma vya kupoozea. Kushoto na juu ya soketi utaona safu ya vikebe vidogo vya mraba, vya kijivu au vyeusi. Hizo ni koili. Pembeni ya kila koili kuna chipu bapa, na hiyo ndiyo inayofanya kazi ya kukata na kupitisha umeme. Koili moja na chipu yake ndiyo wanayoiita fezi. Bodi ikiandikwa 12+2+1 maana yake fezi 12 za viini vya prosesa, 2 za sehemu ya SoC (kidhibiti cha RAM na vinginevyo ndani ya prosesa), na 1 ya shughuli ndogondogo. Namba ya kwanza ndiyo inayokuhusu.

Sasa yanakuja mambo mawili ambayo tangazo huyafunika.

La kwanza ni ukubwa wa kila chipu. Bodi nzuri hutumia chipu zilizounganisha mosfeti (swichi za umeme) zote mbili na kiendeshi chake ndani ya kifuko kimoja, na kila moja hupewa namba ya ampea: 50, 55, 60, 80. Bodi za bei rahisi hutumia mosfeti zilizotenganishwa, mbili au tatu kwa kila fezi, zenye upotevu mkubwa zaidi wa umeme. Kama ukurasa wa bodi umeandika idadi ya fezi lakini haukutaja ampea popote, chukulia kwamba ni za aina hii ya pili mpaka upate ushahidi mwingine.

La pili ni fezi zilizorudufiwa. Bodi inaweza kuwa na koili 16, lakini kidhibiti chake kikawa kinaendesha fezi 8, kila moja ikiwa na jozi ya chipu zinazofanya kazi pamoja. Hili si udanganyifu mbaya kama linavyosemwa. Joto bado linagawanyika kwenye chipu 16, na hilo ndilo unalolitaka. Usiilipie tu kana kwamba ni fezi 16 halisi.

Rudi kwenye zile ampea 148. Zikigawanywa kwa fezi 8 ni kama 18 kwa kila moja. Chipu ya ampea 60 inayobeba 18 inafanya kazi pale inapopoteza umeme kidogo zaidi, nayo inabaki vuguvugu. Zigawanye kwa fezi 4 na kila moja inabeba 37. Kwenye karatasi bado ni chini ya 60, lakini upotevu hupanda kwa mraba wa ampea: ukiziongeza maradufu, joto litokanalo na ukinzani huongezeka mara nne kwa kila chipu. Ndiyo maana wanaovakloki hutaka fezi nyingi kuliko hesabu inavyodai.

Kiwango cha kufuata kwa bajeti ya kati ni hiki: prosesa ya wati 88, fezi 6 hadi 8 za ampea 50. Prosesa ya wati 142 au 162, fezi 8 hadi 12 za ampea 50 hadi 60. Prosesa ya wati 230 au 253, usishuke chini ya fezi 12 za ampea 60, na ni afadhali ziwe 14 au 16.

Kisha tazama hitisinki. VRM yenye ufanisi wa asilimia 90 inayotoa wati 178 inapoteza karibu wati 20 kama joto, na wati 20 kwenye kipande cha alumini chenye ukubwa wa vidole viwili ni nyingi. Unachotaka ni chuma kizito chenye mapezi au mikato mirefu ya kupitisha hewa, kinachofunika safu zote mbili za fezi, kilichofungwa kwa skrubu kutoka nyuma ya bodi. Kifuniko cha plastiki kilichopakwa rangi ya chuma hakipoozi kitu, tena huzuia hewa. Hitisinki iliyoshikwa kwa pini za plastiki zenye springi hukandamiza kidogo, na pedi ya joto chini yake haigusi sawasawa.

Kama umepanga kutumia kipozeo cha maji, ongeza daraja moja la VRM. Kipozeo cha hewa hupuliza pia eneo la soketi. Cha maji huipoza prosesa peke yake na kuacha VRM bila upepo, na wengi hushangaa kuona bodi inapata joto zaidi baada ya kununua kipozeo cha bei kubwa.

Hatua ya 4: Plagi ya umeme ya prosesa

Juu kushoto mwa bodi kuna plagi ya pini 8. Ina nyaya nne za volti 12. Ukihesabu ampea 7 kwa kila moja, unapata wati 336. Hiyo inatosha kwa prosesa yoyote utakayoifunga kwenye bodi ya bei ya kati, kwa hiyo plagi ya pili ya pini 4 au 8 isikufanye uongeze pesa. Kikubwa ni kwamba ile ya kwanza iwe pini 8 kamili.

Plagi ya kadi ya picha nayo inaweza kuwa na pini 8, lakini mpangilio wa nyaya zake ni tofauti. Ikikataa kuingia, usiilazimishe. Na usichanganye kebo za pawa saplai mbili tofauti hata kama zinaingia vizuri, maana upande wa pawa saplai hauna mpangilio mmoja unaofuatwa na wote. Kebo isiyo yake inaweza kuunguza bodi sekunde ile ile unapowasha.

Hatua ya 5: RAM

AM5 na LGA1851 hutumia RAM ya aina ya DDR5 peke yake. Bodi za Z690 na Z790 zipo za DDR4 na za DDR5, na haziingiliani, kwa hiyo soma jina la bodi hadi mwisho.

Kwa Ryzen 7000 na 9000, lenga DDR5-6000 yenye CL30 (ucheleweshaji wa mizunguko 30) na wasifu wa EXPO (mipangilio ya kasi iliyohifadhiwa ndani ya RAM). Kwa kasi hiyo kidhibiti cha RAM hutembea sambamba na RAM, moja kwa moja. Ukipita 6400 au hapo karibu, bodi nyingi hushusha kidhibiti hadi nusu ya kasi, na gemu zinaweza kupungua fremu ingawa namba ya RAM imepanda.

Nunua vijiti viwili, usinunue vinne. AMD yenyewe inahakikisha 5200 kwa Ryzen 7000 yenye vijiti viwili, lakini 3600 tu ikiwa na vinne. Unataka gigabaiti 32? Mbili za 16. Unataka 64? Mbili za 32. Vifunge kwenye nafasi ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwa prosesa. Njia za umeme kwenye bodi nyingi huishia kwenye nafasi hizo, na zikiachwa wazi ishara hugonga ncha tupu na kurudi kama mwangwi. RAM inayokataa 6000 kwenye nafasi ya kwanza na ya tatu mara nyingi hukubali bila shida ikihamishwa.

Kabla ya kulipa, fungua ukurasa wa bodi kwenye tovuti ya mtengenezaji, tafuta orodha ya RAM zilizopimwa, na uilinganishe na namba kamili ya modeli ya vijiti vyako. Jina la kampuni halitoshi. Vijiti viwili vya jina moja vinaweza kuwa na chipu tofauti ndani.

Hatua ya 6: BIOS na vitufe

Hapa ndipo bodi mbili zenye VRM inayolingana hutofautiana. Pakua mwongozo wa BIOS wa bodi unayoifikiria na uhakikishe una vitu hivi: mpangilio wa PBO na Curve Optimizer kwa kila kiini (au kizidishi kwa kila kiini kwa Intel), kuongeza au kupunguza volti kutoka ile ya kawaida (offset), Load-Line Calibration (kuzuia volti isishuke mzigo unapopanda), na kipimajoto cha VRM kinachosomeka. Bodi isiyo na kipimajoto cha VRM iache, kwa sababu utaovakloki gizani.

Kitufe cha kuweka BIOS bila prosesa ni cha lazima. ASUS huiita BIOS FlashBack, MSI Flash BIOS Button, Gigabyte Q-Flash Plus. Bodi inaweza kuwa imekaa ghalani tangu kabla prosesa yako haijatoka, na bila kitufe hicho haitawaka. Utaratibu ni mfupi: flashi iwe na mfumo wa FAT32, faili la BIOS lipewe jina linalotakiwa (kwa MSI ni MSI.ROM, kwa Gigabyte ni GIGABYTE.bin), flashi iingie kwenye bandari iliyowekewa alama, kisha bonyeza na usubiri taa iache kumeta. Jina likikosewa hata kidogo, taa itameta mara chache na kuzima, na hakuna kilichofanyika.

Taa nne ndogo za kuonyesha tatizo liko wapi, CPU, DRAM, VGA na BOOT, zinakuokolea saa nyingi. Kitufe cha kufuta CMOS (kumbukumbu ya mipangilio ya BIOS) nyuma ya bodi ni kizuri pia. Kikikosekana, utagusisha pini mbili kwa bisibisi kila RAM ikigoma.

Mengine, kwa haraka

Kwa kadi ya picha, nafasi ya PCIe 4.0 yenye njia 16 za data inatosha. Soma maelezo madogo kuhusu nafasi za M.2 (za kufungia SSD): kwenye baadhi ya bodi za Z790, ukitumia ile ya PCIe 5.0 kadi ya picha inashuka kutoka njia 16 hadi 8, na kwenye nyingine plagi mbili za diski za SATA hufa. Hesabu plagi za feni. Nne ni chache, sita zinatosha, na kila moja kwa kawaida hubeba ampea 1. Ukubwa mdogo wa mATX, milimita 244 kwa 244, hauna ubaya wowote. Mara nyingi ni VRM ile ile ya ndugu yake mkubwa wa ATX kwa bei ndogo.

Hatua ya 7: Pima kabla siku za kurudisha hazijaisha

Siku ya kwanza usiovakloki. Funga kila kitu, weka BIOS mpya, washa EXPO au XMP (wasifu kama huo wa Intel). DDR5 hujifunza mipangilio yake kwa muda: skrini itabaki nyeusi dakika kadhaa, taa ya DRAM ikiwaka, feni zikizunguka. Subiri hata robo saa. Anayekata umeme katikati hulazimisha kazi ianze upya, kisha anaamini bodi ni mbovu.

Kwenye AM5, angalia volti ya SoC baada ya kuwasha EXPO. Isizidi 1.3. AMD iliweka kikomo hicho mwaka 2023 baada ya baadhi ya Ryzen 7000X3D kuungua kwenye soketi, na BIOS za zamani hazina kikomo hicho.

Funga kasha, fungua HWiNFO64 (programu ya kusoma joto), endesha Cinebench (jaribio la kuipa prosesa mzigo mzito) kwa dakika 30. Tazama mstari wa joto la VRM:

- Chini ya nyuzi 80: una nafasi ya kutosha.
- 80 hadi 95: sawa, lakini ongeza feni ya nyuma au ya juu kabla ya kupandisha volti.
- 95 hadi 110: bodi imefika mwisho wake. Usiovakloki hapo.
- Zaidi ya 110: fungua hitisinki utazame pedi. Wakati mwingine karatasi ya plastiki ya pedi haikubanduliwa kiwandani. Kama pedi iko sawa, irudishe bodi.

VRM ikizidiwa utaijua: kasi ya prosesa inaporomoka ghafla hadi chini ya gigahezi 1 kwa sekunde kadhaa, kisha inarudi, ilhali joto la prosesa liko sawa. Kwenye gemu unaliona kama kuganda kwa vipindi. Wengi hulaumu kadi ya picha.

Sasa ovakloki. Kwa Ryzen, weka Curve Optimizer kwenye minus 10 kwa viini vyote, pima, shuka hadi minus 15, kisha 20. Usidanganyike na jaribio zito likipita. Volti iliyopunguzwa mno huanguka wakati wa mzigo mwepesi, kiini kimoja kinaporuka hadi kasi yake ya juu kabisa, na kompyuta inajizima ukiwa unasoma tu ukurasa wa intaneti. Kwa hiyo acha siku mbili tatu za matumizi ya kawaida kati ya hatua moja na nyingine.

Kwa Intel, panda kizidishi kwa 1 kila mara, na Load-Line Calibration iwe ya kati. Ikiwa kali mno, volti huruka juu ya uliyoiandika kila mzigo unapoachia ghafla, na mruko huo ni mfupi kuliko programu inavyoweza kuuonyesha. Angalia mwelekeo wa namba: kwa ASUS namba kubwa ndiyo kali, kwa MSI na ASRock namba ndogo ndiyo kali.

Maliza na RAM: programu ya kuipima, MemTest86, mizunguko minne, bila kosa hata moja. Kosa moja ni sawa na mia, kwa sababu RAM yenye makosa huharibu mafaili kimyakimya. Ikipita, hifadhi wasifu wa BIOS kwenye flashi, siyo ndani ya bodi peke yake, kwani ukisasisha BIOS wasifu uliohifadhiwa ndani mara nyingi hufutika. Piga pia picha za kurasa za mipangilio kwa simu, maana wasifu wa toleo moja la BIOS huenda usikubaliwe na toleo linalofuata, na utalazimika kuziandika namba hizo tena kwa mkono.